Roshani ya Bi Zuhura

Shoga yangu Saumu,

Wanasema maiti haandikiwi barua, huombewa dua. Dua nakuombea kila nikiswali. Lakini haya ya leo nisipoyatoa yatanivimbia kifuani.

Mchezo tumeucheza. Ule ule wetu wa miaka yote: mtumishi amekufa mlangoni kwa tajiri siku ya karamu, na mwosha maiti anakataa kumwosha mpaka kila mtu wa nyumba ile amimine kata moja ya maji na aseme marehemu alimwomba nini akamnyima. Wenzetu wa kikundi walitaka tuuweke kando, ati si adabu, msiba bado mbichi. Nikawauliza, tunamstahi nani hasa, Saumu au wenye nyumba alimokufa? Basi mimi nikachukua nafasi yako ya Bibi Tajiri, na mwosha akawa Fatma.

Yarabi, sikuiweza! Wewe mchana kutwa ukifua na kupiga deki kwa Bi Zuhura pale Ndia Kuu, na ukipanda jukwaani unakuwa Bi Zuhura mwenyewe, shingo juu, kidole kimeelekezwa mlangoni: "Hebu kwanza, nani amekwambia ukae?" Tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi nilikuwa kama mtu aliyeazima nguo.

Sasa nikwambie waliyoyasema baada yako. Kila aliyeingia nyumba ile alionywa kuhusu roshani. "Usiegemee hapo, hapo pabovu." Wageni waliambiwa wasiegemee, wewe uliambiwa uanike nguo. Na siku mbao ilipokatika, ukaanguka na shuka mikononi, kila mmoja akapata wa kumsukumia. Bi Zuhura akasema nyumba ni ya mirathi, haijagawanywa, yeye hawezi kupigilia hata msumari bila ndugu zake. Kakake akasema anayekaa ndiye anayetengeneza. Dada yao wa Muskati akapiga simu, akalia, akasema yeye yuko mbali. Kisha wote wakakutana kwenye neno moja: ni kadari ya Mungu. Kadari siikatai, Saumu, mimi Muislamu. Lakini mbao ile ilioza wakiiona kwa macho yao, na Mungu hakuwakataza kuita fundi.

Mama yako walimpelekea gunia la mchele. Lipo pale mlangoni, hajalifungua. Hakutaka mchele, masikini. Alitaka mmoja wao aje, aketi naye mkekani, aseme, "Tulijua." Neno moja tu. Mpaka leo anangoja, na kila hodi ikipigwa anainua kichwa.

Ndiyo maana niliung'ang'ania ule mchezo. Nilidhani wakiketi wakasikia, atainuka mmoja. Wakaja kweli, wamejifukiza udi, wakapewa viti vya mbele. Fatma akaniletea kata, akaniuliza, "Alikuomba nini?" Maneno ya mchezo yakanipotea yote. Nikasema, "Aliniomba nitengeneze roshani." Nikamtazama Bi Zuhura. Alikuwa akilia, wallahi, analia kwa kwikwi. Nikasema alhamdulillahi, limeingia.

Tulipomaliza akanishika mikono yote miwili. "Masha Allah, mwanangu, mmecheza vizuri. Mmenitoa machozi."

Nilikwenda kulala nikifikiri kesho yake atakwenda kwa mama yako. Asubuhi nikapita Ndia Kuu, nikainua macho. Pale mbao ilipokatika wamefunga kamba. Na msichana wao mpya, Mbeyu, mtoto wa watu kutoka Kwale, ameinamia nje nusu mwili, anaanika shuka.

Nilipanda ngazi bila hodi. Nikamvuta Mbeyu ndani, naye ananishangaa. Bi Zuhura akatoka jikoni. Nikamwambia, jana ulilia mbele za watu, leo umemtuma huyu pale pale! Akanitazama kwa huruma, mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa.

"Mchezo uliisha jana, mwanangu."

Ah, Saumu. Ungekuwapo ungepata la kumjibu. Mimi nikaufunga ule mlango wa roshani, nikazungusha ufunguo, nikautia mkobani, nikashuka nao. Alinifuata mpaka kwenye ngazi akiniita mwizi, majirani wakatoa vichwa madirishani. Waache watazame.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama yako. Ufunguo uko kwake. Bi Zuhura ameshatuma watu kwangu mara kadhaa, na jibu langu ni lile lile: aufuate mwenyewe, avue viatu, aketi mkekani, aseme lile neno.

Lala, shoga yangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Mlango ule hautafunguliwa na mtu wa kutumwa, madhali mimi ni hai.

Rukia wako