Mabaka Usoni kwa Goodness

Daa, Karatu
Jumatano

Kwa dada Felista,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Natumaini wewe na saluni yako hapo mjini mu wazima. Huku kwetu mume wangu Emilian anakohoa kidogo tu. Ila mwanangu Goodness hatoki nje bila kujifunika khanga mpaka puani.

Simu zako sipokei. Ukianza kunichekea nitakutukana, kwa hiyo naandika, na Emilian atakuletea barua hii akija mnadani.

Wewe ndiye uliyekoroga lile kopo la krimu ya uso lisilo na hata karatasi ya jina. Ulisema ni aibu mtoto kusimama mbele ya askofu siku ya kipaimara ana vipele. Tangu lini askofu akakagua ngozi? Chunusi sita tu, Felista! Sasa mashavu yote mawili yana mabaka meusi kama sufuria la kuni.

Muuguzi wa zahanati alinifokea mbele za watu. Alisema ngozi yetu nyeusi ukiichokoza inaweka alama. Chunusi usipoiminya, ukaosha uso kwa sabuni isiyo kali, ukajikinga na jua kwa kofia na mafuta ya kuzuia jua, huenda zake. Ukiiunguza, baka linakaa miezi, pengine mwaka mzima. Na kipaimara ni Jumapili ijayo! Goodness aliapa haendi, na hata akienda hataki msimamizi wake awe wewe. Alisema shangazi za wenzake hawaharibu watoto, yeye mama yake mkubwa kamharibu. Nilimwacha aseme hivyo wiki mbili nzima.

Sasa sikia, na ole wako ukifurahi.

Uliponipa kopo ulinionya mara mbili: asiminywe, na akishapakwa asitoke juani wiki nzima. Niliitikia tu. Mimi ndiye niliyembana kwenye kiti nikaziminya kwa kucha zangu, nikampaka. Kesho yake ilikuwa zamu yetu, majirani wakaja kutusaidia kupura mbaazi. Ningemficha vipi binti yangu ndani wakati watoto wa wenzangu wanapiga fimbo uwanjani kwangu? Wangesema namlea kama mtalii. Nikamtoa. Alipura kutwa, jua la utosi, akilia kwamba uso unawaka, nami nikamwambia aache kudeka.

Jana nilimweleza yote, hata kwamba ulinionya. Hakulia. Alisema Jumapili ataenda, na mkono wa msimamizi begani mwake utakuwa wako. Mimi nibaki nyumbani.

Basi njoo. Hasira nawe bado ninayo, na kopo lako nimelifukia shimoni. Lakini njoo tangu Jumamosi umsuke, maana mimi hataki nimguse.

Wasalimie wanao wote.

Mdogo wako,
Sabina