Wodi Waliyoiona Wageni

Bungeni, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Habari ya nyumbani? Mgongo umepoa, ama bado unachuma chai na maumivu yako? Mimi mzima.

Alhamisi kamati yetu ya afya ya bunge la kaunti inakuja kukagua wodi mpya ya kina mama kwenye dispensari yenu. Serikali inadai imekamilika, na kazi yetu sisi wajumbe ni kuhakikisha. Ikiwa sawa, Nyamusi, mke wa kaka Sagini, atajifungulia hapo karibu.

Binti yako,
Phelis

Nyumbani, 10 Machi

Phelis mwanangu,

Sisi wazima, Mungu ni mwema. Waah, mlitupa heshima! Wale waheshimiwa walikula kuku mpaka wakalegeza mishipi.

Uliona vile tulipanga? Ulipoandika nilikimbia huko, nikakuta chumba kitupu, kuta tu. Nikasema, wageni wa mtoto wangu waone aibu hii? Haiwezekani! Jirani Mama Nyabuto akatoa kitanda, Esnah akatoa viwili, mimi pazia jipya. Nyamusi akajilaza na tumbo lake, na wewe ukamsalimia ukicheka! Jioni kila mtu akabeba chake.

Mama yako,
Mongina

Bungeni, 15 Machi

Mama,

Salamu zimenishinda leo. Mmefanya nini? Nimesoma barua yako mara tatu.

Jana nilisimama bungeni mimi mwenyewe, nikasema nimeona vitanda kwa macho yangu. Ripoti ikapita. Sasa kwa serikali wodi imekwisha, na hakuna mtu ataulizwa chochote. Tulikuja kuona shida, Mama! Mbona mkatuficha? Na mimi nami mjinga, sikumvuta hata nesi kando nimuulize.

Namwandikia spika ripoti irudishwe. Nyamusi asingoje huko. Mpeleke hospitali ya Kapkatet mapema, tafadhali.

Phelis wako

Nyumbani, 2 Aprili

Phelis,

Sikumpeleka mapema, nilisema siku bado zipo. Jumapili uchungu ukamshika Nyamusi, mvua imekata barabara ya Kapkatet. Tukamkimbiza dispensari. Nesi akatandika leso kwenye saruji.

Nyamusi yuko hai. Mtoto hakulia. Alikuwa msichana. Woi, mwanangu, mpaka sasa siamini. Sagini hataki kuniangalia.

Usinitumie pole. Nitumie barua ya kuitwa mbele ya kamati. Nitakuja na Esnah na Mama Nyabuto, tuseme kwa midomo yetu kwamba vile vitanda vilikuwa vyetu. Halafu muwaulize wakubwa hao, vya serikali viko wapi.

Mama yako