Ile Wiki Mtandao Ulipokatika

Nyumba ya Mama,
Penkwase, Sunyani.
14 Juni

Mpendwa kaka Okyere,

Nakusalimu kwa moyo mzito. U hali gani huko Winnipeg? Lile tumbo lako limetulia? Na wifi yangu Serwaa, mzima? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei, nami sikulaumu.

Mjomba Dwomoh ameniambia unaamini tulikukatia mtandao makusudi, usimwone Mama akifa. Kaka, sivyo.

Jumapili ile radi ilipiga, ruta ikaungua hadi ikanuka. Nawe unajua, kiziwi kama Mama hasalimiwi kwa sauti. Wewe na Mama mlikuwa mkizungumza kwa mikono, kwa video. Nilijaribu kwa simu yangu, lakini mtandao wake ulikuwa dhaifu, picha yako ikaganda umefumba macho. Mama akaniuliza kwa ishara kama umelala. Nikamjibu ndiyo.

Kesho yake fundi Amponsem alifunga ruta mpya. Taa nyekundu haikuzimika. Akapanda nguzoni, akashuka na kipande cha waya, shaba yake imegeuka kijani.

"Dada, huu umekunywa maji siku nyingi," alisema. "Hata ulete ruta kumi, huu ukibaki ni kazi bure."

Waya wa aina hiyo haukupatikana mjini, akaufuata Kumasi.

Mama hakukubali kulala. Kila jioni alitaka aketishwe mbele ya kioo cha kompyuta akungoje, amejifunga kitambaa chake kizuri. Nikijaribu kumrudisha kitandani, ananifinya.

Jumatano kifua kilimbana. Alinionyesha nimtolee mikono nje ya blanketi. Akafanya jina lako, lile la kugusa shavu, kisha akauliza kama umekula. Nikamwambia umekula, umeshiba. Akaridhika. Hakusema tena.

Amponsem alirudi asubuhi, akakuta uani watu wamevaa nyeusi. Alivua kofia, akataka kuondoka na waya wake. Mjomba akamzuia.

"Funga, mwanangu. Kuna mtoto wake upande wa pili, hajui."

Akapanda, waombolezaji wakimtazama, akaunga. Ndipo nilipokupigia, ukaona kitanda kitupu nyuma yangu, ukakata. Ningekuwa wewe, nami ningewaza hivyo hivyo.

Mama bado yuko chumba cha maiti. Mazishi tumeyapanga Agosti, ili upate nafasi ya kuja.

Njoo, kaka. Lugha ile ya mikono Mama alitufundisha sisi wawili tu. Majirani walijua ishara chache, za maji na za chakula. Tangu Jumatano ile sijamwambia mtu neno kwa mikono yangu, na hapa nyumbani hakuna wa kunijibu.

Mjomba Dwomoh na binamu Frema wanakusalimu sana. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Dada yako asiyechoka kukungoja,
Nyarkoa