Jina la Panya wa Chinatsu

Jumamosi, 3 Februari
Leo tumerusha maharage kufukuza mashetani nyumbani. Mashetani nje, panya ndani! Hamsta, wanamwita — panya asiye na mkia, tena bei mbaya. Toshiya kamnunulia binti yake Chinatsu. Mimi mama yake hajawahi kuninunulia hata kandambili.

Jumapili, 4 Februari
Jina bado. Mkwe wangu Mihoko kabandika orodha kwenye friji. Keks. Wolke. Knopf. Kijerumani! Ati biskuti, wingu, kifungo. Kijerumani cha nini hapa Kanazawa, na theluji hii hata kufika sokoni ni kazi? Nikasema aitwe Mame, maharage, yaishe. Mihoko akatabasamu kama karani wa benki anayekunyima mkopo. Ati jina zuri, Mama, tutaliongeza. Hajaliongeza. Nimechungulia mara mbili.

Jumanne, 6 Februari
Panya kavimba jicho. Kumpeleka nani? Mimi. Fomu ya daktari wa wanyama inataka jina, Chinatsu akaniandikia Knopf, la muda. Mapokezi wakaita mbele za watu, pamoja na jina la ukoo, kama kawaida yao: "Terashima Knopf!" Ukoo wa marehemu mume wangu! Yeye alikaa siku tatu akihesabu mistari ya kila herufi kabla ya kumpa Toshiya jina, maana idadi mbaya humletea mtoto mkosi. Leo ukoo umebandikwa kifungo. Bi Iwata, jirani wa nyuma, alikuwepo na paka wake. Akajifanya anakohoa. Mnafiki.
Nilisimama. Ningefanyaje?
Jicho ni vumbi la maranda anayolalia tu. Matone, asubuhi na jioni. Mtiaji ni mimi.

Alhamisi, 8 Februari
Orodha imefika maneno thelathini sasa. Wanayakariri mezani, wote watatu, Toshiya kabinua midomo utadhani anapuliza supu. Meneja mzima! Shule. Kituo cha treni. Kodi ya nyumba. Nani anamwita panya Kodi ya Nyumba? Wapumbavu.

Jumamosi, 10 Februari
Kumbe mpumbavu ni mimi.
Toshiya kapiga magoti mbele yangu, kama siku ile alipovunja dirisha la shule. Kampuni inamhamishia Düsseldorf, Ujerumani. Aprili. Miaka mitano, wote watatu. Amri ilitoka Januari — Januari! Ati walikuwa wanatafuta namna ya kuniambia. Panya haendi. Walimnunua abaki na mimi, nisiwe peke yangu. Unazaa, unalea, mwisho unaachiwa panya!
Inauma. Nimeosha vyombo vilivyokwisha oshwa.
Halafu Chinatsu kaja na orodha. "Bibi, chagua wewe. Lile unaloliweza. Wewe ndiye utakayekuwa unamwita."
Nimejaribu. Ulimi umegoma. Kanishika kidevu, kanionyesha mdomo unavyokaa. Nikajaribu tena, bado.
Kasema nisijali, tutafanya mazoezi kila siku. Tuna mpaka mwisho wa Machi.