Gari Lililonyanyuliwa na Maneno ya Mtani

Mpwapwa

Dada yangu Monika,

Shikamoo dada. Goti lako linaendeleaje, limetulia au bado linakusumbua baridi ikija? Na kifua cha shemeji je? Mimi mdogo wako Mungu ananishika mkono. Nakula, nalala, naenda kanisani. Upepo wa huku ndio umetuchosha, vumbi linaingia mpaka ndani ya Biblia, lakini hilo nimeshalizoea.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao wa kwenu unakata katikati ya neno, na ukishika simu nyumba nzima inasogea kusikiliza. Sitaki haya yamfikie Neema kabla hayajakufikia wewe mama yake. Barua hii nampa mama mmoja wa kanisani kwetu anayesafiri kuja Tabora.

Uliniambia nisimpandishe mwanao kwenye gari la zahanati mpaka nilikague kwa macho yangu. Ulisema gari lililonyanyuliwa ni kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Haya dada, nimelikagua. Naomba usome mpaka mwisho, usinikasirikie katikati.

Unalijua lile korongo lililo kati ya zahanati yetu na kijiji alikoolewa Neema. Kiangazi ni mchanga mtupu, matairi yanazama. Mvua zikianza maji yanashuka ghafla, asiyevuka habari yake imeisha. Mchungaji, msimamizi wetu, akaona tuweke matairi makubwa, na hayo hayaingii mpaka bodi inyanyuliwe. Yaani hivi: bodi, kile chumba tunachokaa, imelala juu ya chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, na imefungwa kwa boliti. Fundi anafungua boliti zote, anainua bodi kwa jeki, anaingiza spesa katikati, kisha anafunga boliti ndefu zaidi. Spesa zenyewe ni vipande vya plastiki ngumu, vyeusi, vya mviringo kama vikombe vya uji. Mchungaji aliziagiza kutoka Dar, na mimi dereva ndiye niliyezipeleka pamoja na gari Dodoma mjini, kule Kizota kwenye magereji, kwa fundi anayeitwa Ndahani.

Ndahani ni Mgogo. Aliposikia tu kwamba natoka Sikonge akatupa spana chini.

"Mnyamwezi! Mpagazi! Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani, leo wewe unakuja umekaa kwenye kiti? Umechoka kubeba?"

Nikamjibu, "Walipita mbio, waliogopa mtawakaribisha mlenda."

Gereji nzima ikacheka. Basi tukawa watani, na unajua mambo ya mtani, huruhusiwi kumnunia, wala hushiki anachosema. Ndipo shida yangu ilipoanzia.

Siku ya kufunga spesa alinifukuza. "Mpagazi, nenda kanywe chai, ukirudi utalikuta." Mbona fundi hataki kuonekana? Nilienda, lakini chai haikushuka. Niliporudi nikakuta wameshusha turubai mpaka chini, na pembeni kuna ndoo ya oili chafu, ndani yake vipande vya mbao vimelowekwa. Dada, vilikuwa vya mviringo. Na kwa ile oili vilikuwa vyeusi kabisa, kama spesa zetu.

Nikamuuliza, "Ndahani, hizi mbao za nini?"

"Za jeneza lako. Nimeanza na miguu."

Vijana wakacheka, mimi nikacheka kwa meno tu. Moyoni nikasema huyu ameuza spesa za kanisa, anatufungia mbao.

Wakati naondoka akaja akaegemea dirisha. "Sikiliza mpagazi. Usivuke korongo na hili gari. Stelingi itakutoka, utabaki umeishika mkononi kama sahani ya ubwabwa. Kipande chake bado kinachongwa, rudi ukichukue. Usiporudi, shemeji yangu mkeo nitamrithi mimi."

Nikamwambia, "Atakukimbia ukimpikia mlenda." Akapiga bodi kofi, nikaondoka.

Njia nzima gari lilikuwa linalia chini, kwii, kwii, kila likiyumba. Nikasema hiyo ndiyo sauti ya mbao. Nilipofika nikaingia uvunguni na tochi, lakini spesa zimejificha juu ya chesisi na zimepakwa grisi, sikuweza kujua kama ni plastiki au ni mti. Nikasali hapo hapo chini, nimelala chali. Sikumwambia Mchungaji kwa sababu kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni dhambi. Ila kazi haikusimama. Nilivuka korongo tena na tena na dawa za kliniki, safari moja nikarudi na kina mama wawili na watoto wao, huku masikio yangu yote yako chini nasikiliza mbao.

Ndipo Neema akaniambia mwezi wake wa kujifungua umekaribia, na wewe ukasisitiza alale karibu na hospitali kabla mvua hazijafunga njia. Nikaona siwezi kukaa na wasiwasi huu. Nikarudi Kizota.

Safari hii sikumsalimia kwa utani. Nilimwambia, "Ndahani, fungua boliti moja mbele yangu."

"Mpagazi kaamka vibaya leo."

"Fungua."

Akaniangalia, akachukua spana akafungua. Akatoa spesa, akaifuta kwa tambara, akaniwekea kiganjani. Plastiki, dada. Ile ile niliyoileta mimi. Akanionyesha na zile mbao: huwa anaziweka juu ya jeki ili chuma kisibonyeze bodi, na anaziloweka oili ili mchwa wasizile. Ile kwii, ni raba mpya alizoweka chini ya bodi, zinalia mpaka zikae.

"Na kwa nini ulinifukuza?"

"Siku ya kufungua wewe ulikuwa unasali kwa sauti kila nikigusa boliti! Utafikiri nazika. Vijana wangu wakawa wanaacha spana kuitikia amina."

Niliona aibu, lakini roho ilitulia. Nikawa nageuka niondoke. Akaniuliza, "Korongo hujavuka, lakini?"

"Nimevuka. Mara nyingi."

Uso wake ulibadilika. Akanivuta mpaka mbele ya gari, akafungua boneti. Usukani umefungwa kwenye bodi, na boksi lake liko kwenye chesisi, katikati kuna shafti, fimbo ya chuma inayoungana kwa meno. Bodi ilipopanda, shafti ikachomoka kidogo. Meno yaliyobaki yameshikana, dada, hayafiki urefu wa ukucha wangu.

"Nilikwambia," akasema.

"Ulikuwa unanitania!"

"Nilikwambia usivuke. Nilikwambia kipande kinachongwa. Ulitaka nikupigie tarumbeta?"

 Nilikuwa nashuku kila kitu cha yule mtu isipokuwa lile onyo nililodhani ni utani, na hilo ndilo lilikuwa la kweli. Nikawakumbuka wale kina mama, na mtoto mmoja aliyekuwa amelaza kichwa kwenye mkono wangu wa gia.

Alikifunga kile kipande cha kuongezea shafti siku hiyo hiyo, nami nimesimama pale, nasali kimya kimya. Alipomaliza akasema, "Liko sawa." Sasa nitajuaje? Mtu huyu akisema kweli anacheka, na akitania anacheka vile vile. Nikamwambia, "Nina mtoto wa dada yangu, mjamzito, wa kumvusha korongo. Kama liko sawa, panda. Twende mpaka korongoni." Nilitegemea atakataa. Akanawa mikono, akapanda.

Dada, njia nzima kutoka Dodoma mpaka huku hakunitania hata mara moja. Tulipita Buigiri, nikamchokoza kwamba amekaa kwenye gari kama anayekwenda kuposa, akanyamaza. Ukimya wake ulinitisha kuliko maneno yake. Nikafikiri, huyu naye anasikiliza nini?

Kwenye korongo nikalitia mchangani, nikakata usukani kushoto, nikakata kulia, kwa makusudi. Likatii. Upande wa pili nikazima. Ndahani akanigeukia, akasema, "Petro, mlete huyo mtoto."

Alikuwa hajawahi kuniita Petro. Sikujua hata kama analijua jina langu.

Tukageuza mpaka Mpwapwa, akapanda basi akarudi kwake. Gari liko hapa mlangoni, refu, nalitazama ninapoandika. Mimi mwenyewe nitaliendesha, nimejiweka mikononi mwa Mungu. Lakini yale maneno ya Ndahani nimeyageuza huku na huku natafuta utani ndani yake, sijauona, na bado natafuta. Neema ni wa kwako. Nimekueleza nilichokiona na nilichokisikia, vyote, sikubakiza. Ukisema nimlete kwa gari hili, nitamleta. Ukisema hapana, nitamtafutia njia nyingine.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo, na binamu yetu wa mizinga, mwambie asali aliyonitumia imekwisha. Mke wangu anawaombea wote.

Ni mimi mdogo wako,
Petro

Mawingu yameanza kukaa upande wa Kibakwe. Nijibu upesi dada.