Orodha ya Mama Ndani ya Kompyuta Yako

Kaka Eliakimu,

Sijui wafu husalimiwaje, kwa hivyo nakusalimu kama ulivyotusalimu ukitoka kazini: "Mko? Mmekula?" Tuko, Kaka. Kula ndiko kumekuwa kazi tangu Jumapili.

Miezi minane sasa tangu utuache. Hapa nyumbani kwako Shauri Moyo tunaishi mimi na binti yako Nekesa. Cherehani yangu iko chini ya dirisha, na kompyuta yako iko palepale mezani, imefunikwa kitambaa nilichokufumia. Tumejitahidi.

Habari kubwa ni kwamba Nekesa amepata mchumba. Anaitwa Wafula. Hukumjua. Ni fundi wa mashine za ofisi huko mjini, mpole, haruki sala ya chakula hata akiwa na njaa ya kuonekana. Siku ya kwanza, kabla sijamimina chai, nilimuuliza ukoo wake. Ndiyo kazi ya shangazi, wewe wajua. Alipoutaja nikapumua. Si ukoo wetu, si wa marehemu mama yake Nekesa, si wa wajomba zetu, koo tatu ambazo mtoto wetu haolewi. Nikamshukuru Mungu. Jumamosi hii wazee wao wanakuja kubisha hodi, na nyama nimeshaagiza soko la Burma.

Lakini neno lako lilikuwa linanichoma. Mama alipokuwa anaelekea mwisho ulikaa naye siku nyingi, ukiandika mambo ya ukoo kutoka kinywani mwake, kisha ukayaingiza kwenye kompyuta. Daftari ukalitupa, ukasema karatasi ni chakula cha panya. Ukaniambia, "Rasoa, siku Nekesa akiletewa mtu, fungua hiyo orodha kwanza." Nikakuuliza kuna nini humo. "Ni maneno ya Mama. Si ya kuongelea jikoni."

Sikuifungua, Kaka. Naweza kusema sijui kuitumia hiyo mashine, na ni kweli, lakini ningemwomba Nekesa. Ukweli ni kwamba nilimpenda huyu kijana, nikaogopa.

Basi Jumapili baada ya ibada Wafula alikuja na boksi la disketi. Nekesa ameitwa kwenye mtihani wa kazi, na ofisi zote siku hizi zimehamia ule mfumo mpya wenye picha, wako wa zamani hakuna anayeutaka. Wafula akasema atauweka huo mpya juu ya wa zamani, Nekesa ajizoeze nyumbani. Nikawaza, acha amalize, ndipo nimwombe anifungulie orodha. Kosa langu lote liko hapo. Ningeomba kwanza.

Alilisha mashine disketi moja baada ya nyingine. Ya tisa ikaanza kukereza kama msumeno kwenye bati. Kisha kimya. Tukangoja mpaka chai ikapoa. Akaizima, akaiwasha. Giza, na mstari mmoja wa maneno meupe ukisema haioni cha kuanzia. Akaiamsha kwa disketi yake ya kazini, akatazama ndani, nikaona mabega yake yanashuka.

"Senge, hakuna kitu." Ananiita senge, yaani shangazi, kama Nekesa anavyoniita. "Majina matano ya faili tu. Ingine yote sioni."

Nekesa akamrukia. "Fundi gani wewe? Umefuta vitu vya baba yangu!"

"Sijafuta, haki ya Mungu. Imekwamia njiani tu."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Nilikuona ukifa mara ya pili, na Mama pamoja nawe. Wafula hakuketi. Alifuta disketi kwa shati, akajaribu tena, akafungua mashine akakaza nyaya, akaifunga. Majina ni yale yale matano. Mwishowe akaniuliza, "Senge, Mzee aliwahi kulalamika mashine imejaa?"

Kulalamika? Nikakumbuka ile siku ulicheka mwenyewe kama mtu aliyepewa na kanjo, baraza la jiji lenye nyumba hizi, chumba cha pili bila kuomba. "Rasoa, nimeibana! Sasa inabeba mara mbili!" Nilidhani umechoka. Nilipomwambia Wafula hivyo, alipiga paja. Akatafuta vilivyofichwa, na hapo akaona kitu kimoja kikubwa, kimekula karibu nafasi yote. Akanieleza kwamba ulikuwa umeshindilia kila kitu kwenye gunia moja na kulishona mdomo. Disketi yake haikujua kulifungua. Iliyojua ni ile iliyotengenezwa na mfumo wako wa zamani, kama uliwahi kuitengeneza.

Tukapekua. Nekesa aliipata nyuma ya droo, ndani ya bahasha, na mwandiko wako: "Ya kuamshia. Msiichezee." Kaka, nililia kwa mwandiko huo kabla hata hatujaiingiza. Mashine ikaamka. Kila kitu kikawa mahali pake, barua zako, mahesabu ya kanisa, na orodha. Nikapiga magoti nikamsifu Bwana. Nekesa akamkumbatia Wafula mbele yangu, nikajifanya sioni.

Macho yangu hayawezi yale maandishi madogo, kwa hivyo Wafula ndiye aliyesoma. Alisoma vizuri, kama somo la kanisani. Baba wa nani, mke wa nani. Kisha akafika kwa Mama mwenyewe, mahali ulipoandika kwamba wale tunaowaita wajomba walimlea tu. Kwamba alipelekwa kwao akiwa mchanga, mama yake alipofariki naye akakosa ziwa, na watu wake hawakurudi kumchukua. Kisha ukataja watu wake. Wafula akautaja ukoo wake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe.

Kumbe wajomba zetu wa damu ni watu wake.

Nekesa ndiye aliyesema kwanza. "Rudisha zile disketi. Maliza kuweka huo mpya. Ikifutika, imefutika." Akanitazama.

Nami nilinyamaza. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilinyamaza, na moyoni nilitaka afanye.

Wafula akaondoa mikono kwenye mashine. "Nishasoma, Nekesa. Nitajifuta mimi na nini?" Akaniambia nichukue karatasi na kalamu, akanisomea polepole nikanakili kwa mkono wangu. Ndipo akaenda zake.

Tangu hapo mtoto wako hali chakula. Alichosema ni kimoja: "Baba ameniachia mashine, na mashine imeninyima mume." Nimekukasirikia, Kaka. Nimemkasirikia na Mama. Mimi niliyemwosha na kumlisha, na siri akakupa wewe. Halafu nakumbuka mlivyozoeana, nyinyi wawili, na hasira inakosa pa kukaa.

Nilimwendea mchungaji. Akasema katika Kristo hakuna ukoo. Nilirudi mwepesi, mpaka kufika kwa wauza viatu wa Gikomba nikakumbuka kwamba katika Kristo hakuna uongo pia.

Kwa hivyo nakuahidi hivi. Jumamosi, kabla mgeni hajanawa mikono, nitasimama na karatasi yangu niyasome maneno ya Mama, yote. Kisha nitawauliza wazee wale jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza: mtoto mliyemtoa na hamkumrudia, leo mnamhesabu wenu ili afunge mlango wa ndoa ya mjukuu wake? Watajibu wao. Mimi sijui jibu, na naliogopa. Wafula amesema atakuja, liwe liwalo.

Lala, ndugu yangu. Kweli ya Mama haitapotea mikononi mwangu. Wala mtoto wako.

Dada yako,
Rasoa