Karatasi za Mwavuli Zilizorudi Boksini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Vifungo (ndivyo anavyoitwa na kila mtu, jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 72
Kazi: Mshonaji
Makazi: Nyumba ya pili nyuma ya mashine ya kusaga, karibu na stendi ya zamani
Kuhusu: Madai ya wizi wa nyaraka za serikali

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, kwa kuwa mzee anayeshikiliwa anaitwa mwizi wa nyaraka, na mimi najua hakuiba kitu pale anapodaiwa kuiba. Afande ameniambia nieleze kwa ufupi. Nitajaribu.

Kaka yangu, ambaye sasa ni marehemu, aligombea ukuu wa jimbo hili katika uchaguzi wa kwanza kabisa. Alama yake ilikuwa mwavuli. Mpinzani wake alikuwa na ngazi. Ofisi ya kampeni ilikuwa chumba changu cha kushonea. Tulisogeza cherehani ukutani, na mimi na wifi yangu, mke wa marehemu, tukashona mabango ya kitambaa na kukata beji za mwavuli kwa mabaki ya nguo za wateja. Kuna wateja waliojikuta na gauni fupi kuliko walivyopimwa. Watu wa Ngazi walikuwa wakipita barabarani wakiimba, "Panda, panda juu!" Nasi tunawajibu dirishani, "Mkianguka mtalowa!" Siku ya mkutano wetu mkubwa mvua ikanyesha, na katika umati mzima wa Mwavuli hakuna hata mmoja aliyekuja na mwavuli. Ngazi walitucheka wiki nzima, na sisi tulijicheka zaidi yao. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Sijafanya tena kazi kwa furaha kama ile.

Barua zilikuja kila siku. Watu waliomba daraja, waliomba mganga wa zahanati, wengine walitaka tu kujua kama mgombea ana mke. Kaka alisema kila barua ijibiwe. Yeye alikuwa akitembea chumbani akitamka, mimi naandika, maana mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Siku moja nilianza, "Mpendwa mpiga kura." Akanikata, "Andika ndugu. Huyu hajanipigia bado."

Tulishindwa. Kesho yake asubuhi vijana wa Ngazi walifika na mkokoteni wakabeba kila kitu: mabango, beji, barua, hadi mkasi wangu mkubwa. Aliyewaongoza alikuwa kijana mfupi tuliyempa jina la Kipago, kwa maana kwamba katika ngazi nzima yeye alikuwa kipago kimoja tu cha kukanyagia. Baadaye tukasikia vitu vyote vimechomwa. Kaka hakulalamika. Alirudi kufundisha shule, akazeeka, akafariki, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za uchaguzi ule. Hilo liliniuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Mwaka huu Nyumba ya Nyaraka inaandaa maonyesho ya historia ya siasa za jimbo. Mtunza nyaraka, mwanamke wa rika la binti yangu, aliniomba nimsaidie kutambua watu kwenye picha, kwa hiyo nimekuwa nikienda kila Jumanne. Siku ya kwanza alinionyesha maboksi ya Ngazi yaliyojaa mpaka vifuniko havifungi. Boksi la Mwavuli halikuwa na kitu isipokuwa jina lake lililobandikwa ubavuni. Ukutani walikuwa wameandika kwa herufi kubwa kwamba mkuu wa kwanza wa jimbo alipita bila kupingwa.

Nilimwambia, "Mwanangu, alipingwa. Huo upinzani nimeushona mimi kwa mkono wangu."

Akanijibu kwa upole, "Nakuamini, mama. Lakini siwezi kubadilisha ukuta kwa maneno matupu. Niletee hata karatasi moja."

Sikuwa nayo hata moja. Nilirudi nyumbani nikalia.

Wiki mbili baadaye nilikuta beji za mwavuli ndani ya lile boksi. Jumanne iliyofuata nikakuta bango limekunjwa vizuri, na mshono wa pembeni nikaujua kuwa ni wa wifi yangu, maana wifi alikuwa na haraka na mishono yake ilikimbia. Kisha zikaanza kuonekana barua, mafungu kwa mafungu. Mtunza nyaraka akaniambia, "Ahsante sana, mama." Nami nikamwambia, "Ahsante wewe, mwanangu." Yeye alidhani nazileta mimi kutoka nyumbani na naona haya kwamba mwanzoni nilizificha. Mimi nilidhani yeye ndiye anayezipata stoo na hataki ionekane kwamba hakuzitafuta vizuri. Kila mmoja akamstahi mwenzake asimuulize. Tumeshukuriana hivyo karibu miezi miwili, watu wazima na akili zetu.

Katika chumba kile cha kusomea huwa kuna mzee mmoja anayekaa karibu na meza ya maboksi, ameshika gazeti la zamani. Tulikuwa tunasalimiana tu.

Mnamo tarehe 9 Juni, siku ya Jumanne, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa dirishani na picha zangu. Nilimwona mzee huyo akiingia, akaenda moja kwa moja kwenye boksi la Mwavuli, akatia mkono ndani ya koti. Alisimama hivyo kwa muda. Hakutoa kitu ndani ya boksi na hakuweka kitu. Kisha akageuka akaenda mlangoni. Mlinzi akamsimamisha, akampekua, akatoa bahasha yenye barua moja ya zamani. Mlinzi akasema, "Kumbe ndiyo kazi yako hapa." Uso ulimshuka yule mzee, nikamhurumia kabla sijamjua ni nani.

Nilifuatana nao hadi kituoni. Tulipokuwa kwenye benchi tukisubiri, aliniambia, "Dada, hunikumbuki."

Nilimtazama. Watu wakizeeka hufupika, na huyu hakuwa na cha kupunguza. Nikasema, "Kipago."

"Ndiye."

"Mkasi wangu uko wapi?"

"Uko nyumbani. Umeshika kutu."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi niliyoyaweka kwa ajili yake tangu ujana wangu, lakini yalikwama. Akanieleza kwamba walimtuma azichome zile barua na vitu vyetu vingine. Alikaa chini asome barua kwanza, apate cha kuwachekesha wenzake, na katikati ya fungu akakuta mwandiko wa mama yake mzazi. Mama huyo alimwandikia kaka yangu hivi: mwanangu yuko Ngazi na ana kelele nyingi, lakini kura yangu ni yako, na tafadhali usimwambie.

"Kiberiti kilinishinda," aliniambia. "Nikawaambia wenzangu nimechoma."

Aliziweka zote, pamoja na beji na mabango, uvunguni mwa kitanda. Aliposikia kuhusu maonyesho alikwenda kutazama, akayaona yale maandishi ya ukutani, akaona aibu. Akawa anazirudisha kidogo kidogo bila kusema, kwa kuwa hakujua aanzie wapi kusema. Ikabaki barua ya mama yake peke yake. Leo alikuja kuimaliza kazi, akafika pale mezani mkono ukakataa. Hana picha ya mama yake. Hana kitu kingine cha mkono wake.

Aliniuliza kama kaka alimjibu mama yake. Nilimwambia kaka alijibu zote. Jibu lenyewe silikumbuki, zilikuwa nyingi, na sitaki kutia chumvi mbele ya polisi.

Afande amenionyesha barua hiyo. Imeandikwa kwa penseli, imeelekezwa kwa kaka yangu, na haina muhuri wala namba ya Nyumba ya Nyaraka. Haijawahi kuwa mali yao.

Afande ameniuliza kama nataka kufungua malalamiko kuhusu vile vitu vilivyobebwa kwa mkokoteni. Sitaki. Angekuwa mtu wa kutii alichotumwa, leo kaka yangu angekuwa hajawahi kugombea. Na barua hiyo naomba apewe. Iliandikiwa kaka yangu, wifi naye ameshafariki, na kwenye nyumba ya wazazi wetu nimebaki mimi peke yangu, kwa hiyo nikisema nimempa, nimempa.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, na sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Mtunza nyaraka amefika saa nane mchana na kuthibitisha kwamba barua haimo katika kumbukumbu zake. Mtuhumiwa ameachiwa na kukabidhiwa barua. Kabla ya kuondoka alimwomba shahidi amsomee, kwa kuwa ni miaka mingi sasa macho yake hayaoni tena maandishi ya penseli. Amesomewa hapa kaunta, mara mbili.

Sahihi ya afisa: (ametia sahihi)